Redio Haina Pindo

Asubuhi baada ya mashindano ya nyimbo ya mataifa saba, nilishuka kutoka stesheni ya Lugano kwa kile kibehewa kinachoteremshwa mlimani kwa kamba ya chuma.

"Gauni la yule mwimbaji wa mwisho lilikuwa la kijivu, mama," kijana alimwambia mwanamke aliyeketi mbele yake. "Nimeliona kwenye televisheni ya baa, kwa macho yangu haya!"

"Kijivu ni akili yako. Ni la kijani. Mimi, Ersilia, ndiye niliyelishona, wiki tatu nzima."

Mimi, niliyefundisha elimu ya mwanga miaka ishirini, nilijua kuwa televisheni za siku zile zilionyesha kila rangi kama kijivu, nikageukia dirisha. Ziwa lilikuwa likitusogelea taratibu dirishani, na ukweli haukuonekana kuwa na haraka.

"Kwani jana hukulitazama?"

"Sina televisheni, mwanangu. Nilisikiliza redio, na redio haina pindo." Alitoa mkobani kipande cha hariri ya kijani, akamwekea kiganjani. Sauti yake ikashuka. "Rangi tuiache. Alipogeuka kuondoka, pindo lilimfuata polepole, au lilimganda miguuni? Hilo ndilo lililoninyima usingizi."

Kijana akafumba macho. "Ngoja, mama, ngoja... anageuka..."

Kibehewa kikasimama. Mlango ukafunguliwa, na hakuna hata mmoja wetu aliyeinuka.