Wimbo Mmoja, Siku Nane

Benchi lenyewe lina miguu mitatu ya mbao na mmoja wa matofali, na liko nje ya kibanda cha kinyozi. Asubuhi kabla kazi hazijachangamka hukaliwa na watu watatu. Kuna Hakimu, kinyozi mwenyewe, anayetoa hukumu hata pasipo na kesi. Kuna Profesa, muuza magazeti anayesoma vichwa vya habari tu. Na kuna Soli, fundi viatu, ambaye kidole gumba chake kimekakamaa kwa gundi. Siku hiyo Hakimu alimimina kahawa akauliza kila mtu anasikiliza muziki gani nyumbani siku hizi. Soli akainamia kikombe chake.

— Mimi za zamani, — alisema Hakimu. — Hizi za sasa zinanitetemesha wembe.

— Mimi ala tupu, — alisema Profesa. — Maneno nashinda nayo kutwa.

— Na wewe, Soli?

— Wimbo mmoja.

— Mmoja vipi?

— Mmoja tu. Leo siku ya nane. Mke wangu akiamka anawasha ile redio yetu ya flashi, jamaa anaimba anamuaga mtu, aende salama asigeuke nyuma. Ukiisha unaanza upya. Mimi kimya, mke wangu kimya, jamaa anaimba.

Hakimu aliweka kikombe chini taratibu.

— Hiyo ni notisi.

— Notisi ya nini?

— Ya kuondoka. Mwanamke mstaarabu hafoki. Anakuwekea wimbo.

— Wapi! — alisema Profesa. — Shemeji anajifunza kuimba. Ana shindano.

— Ana miaka hamsini na mbili, — alisema Soli.

— Ndiyo maana anarudia.

— Basi ni ishara kwa mtu wa nje, — alisema Hakimu. — Siku wimbo ukibadilika, begi linapitia dirishani.

— Dirisha letu lina nondo.

— Basi mlangoni.

Soli hakucheka. Miaka ishirini na sita amekula kwa mkono wa yule mama, na jana alikuta begi la mkewe limeshushwa kutoka juu ya kabati. Aliogopa, basi.

— Si uizime? — aliuliza Profesa.

— Nikizima nitakuwa nimemjibu.

— Redio yenyewe nzima?

— Nzima kabisa. Kitufe kimoja kilikuwa kinachezacheza, nikakitia gundi mwenyewe, hii hii ya viatu. Sasa hakichezi.

— Safi, — alisema Hakimu. — Fundi mwingine angekwambia ununue mpya.

Hapo ndipo mke wa Soli alipotokea, redio kwapani, begi mkononi. Watatu wote wakasimama.

— Karibu, shemeji, — alisema Hakimu.

— Asante, shemeji, sikai. — Akamgeukia mumewe. — Siku nane nawasha, nangoja useme kwa mdomo wako. Kama umenichoka, niambie. Kunigandishia kitufe cha kurudia kwenye wimbo wa kuagana, ndiyo nini?

Profesa alifungua gazeti, kwa mara ya kwanza akaingia ukurasa wa ndani. Soli alikitazama kidole gumba chake.

— Nilikuwa natengeneza, — alisema. — Nikadhani wewe ndiye unaniaga.

Mkewe alikitazama kidole hicho chenye gundi. Kisha akaliweka begi chini, akakaa.

— Haya. Gundi hiyo inatokaje?

Soli, aliyewaapia wateja wake miaka thelathini kwamba gundi yake haitoki, aliipakata redio akaanza kukikwangua kitufe kwa ukucha.