Risala ya Mafundi wa Skii wa Hinterlahn: Dirisha Letu Lifunguliwe

Mgeni rasmi, Bwana Mkurugenzi Gebhard Nagiller, mwenye lifti zinazopandisha watu mlima huu,

Sisi mafundi wa chumba cha chini, tunaotengeneza skii za wageni, mbao zao za kutelezea kwenye theluji, tunasema karibu. Inamisha kichwa mlangoni. Mkurugenzi aliyekutangulia alikataa kuinama, na alama ipo.

HISTORIA

Kabla ya lifti, kila nyumba ilileta skii zake humu majani yakianza kupukutika. Watu walinoa kingo, wakapaka nta ili ziteleze, wakala madonge ya mkate na nyama ya moshi. Dirisha lilikuwa moja tu. Moshi wa nta ulitokea hapo, na hapo ndipo fundi mwenzetu Veit alipomchungulia Vroni akipita. Harusi tuliila.

MAFANIKIO

Mwaka huu skii zote ziko tayari na theluji haijaanguka. Vifungio vya viatu tumevipima, na hakuna nta iliyokwanguliwa ikiwa moto.

Mwaka jana ofisi yako ilisema, "Harakisheni!" Tukaharakisha. Tukakwangua kabla haijapoa, nta ikatoka yote, na siku ya ufunguzi ukaganda katikati ya mteremko huku matarumbeta yakilia. Mama Burgi, mkongwe wetu, akapaza sauti, "Sukuma, Mkurugenzi!" Ukajibu, "Nasukuma, mama, mlima ndio hautaki!" Ukacheka pamoja nasi. Kwa hilo tunakuheshimu.

CHANGAMOTO

Dirisha limezibwa kwa mbao ili nje litundikwe bango la lifti. Kwenye bango kuna msichana anavuta hewa safi ya mlimani. Hewa hiyo ni yetu! Tulipolalamika tuliambiwa tungoje msimu uishe. Ulipoisha tukaambiwa, "Sasa moshi wa nini tena?" Hatujasahau, na hatutasahau.

Mama Burgi ameyeyusha nta kwa pasi humu tangu ujana wake. Daktari amemwambia: msimu mwingine bila hewa, basi, akae nyumbani. Akiondoka yeye, nani atatuambia, "Toa mkono, we mjinga, haijapoa!"?

OMBI

Hatuombi pasi mpya wala makoti. Tunaomba dirisha letu. Bango likahamie ukuta wa ofisi yako, kule ambako hakuna anayekohoa.

Desturi unaijua: mgeni rasmi hukwangua jozi ya kwanza, ndipo msimu ufunguliwe. Skii zako tumezipaka nta sasa hivi. Tutangoja pamoja nawe hadi zipoe, humu humu, pasi zote zikiwa moto na mlango umefungwa, maana nje kuna baridi. Madonge yapo. Mama Burgi ameketi kulia kwako. Akikohoa, mpe maji.

Na hiyo nyundo ya kung'olea misumari, hapo chini ya kiti chako, Veit hakuisahau hapo kwa bahati mbaya.

Mungu akujalie theluji laini, magoti mazima na pumzi ndefu. Atujalie na sisi hiyo pumzi.

Ni sisi,
Mafundi wa Chumba cha Chini, Hinterlahn.
Imesomwa kwa niaba yao na Notburga Plattner, yaani Mama Burgi mwenyewe.