Jagi Lina Mwenyewe

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025, Bi. Chelagat anastaafu baada ya miaka thelathini na saba katika kiwanda chetu cha Vyombo Imara, hapa Nakuru. Kazi yake ni kuchonga kalibu, yaani kile chuma ambamo plastiki ya moto huingia ikatoka ndoo, beseni au jagi. Nimeombwa niandike kwa furaha ukurasa huu wa ratiba ya kumuaga. Furaha ninayo, lakini leo hasira imeikalia. Mtanivumilia.

Mimi Okeyo ndiye niliyesugua kalibu zake zote. Shule niliachia darasa la saba, lakini kwa macho tu naweza kukwambia chuma kimepinda unene wa unywele. Waulizeni walioniona nikiinua kalibu ya kilo mia mbili peke yangu. Wengi wao wameshakufa, lakini waliona.

Chelagat alipoingia mwaka 1988, jagi letu lilikuwa aibu. Wakubwa walikuwa wamepata moja la ng'ambo, wakaamuru linakiliwe. Mdomo wake ulikuwa na kizuizi ili barafu isianguke kwenye gilasi. Barafu! Huko Molo barafu inaamka juu ya viazi, nani tena ataiweka kwa maji? Na lile jagi la mfano lilikuwa limeunguzwa na jiko, likabonyea juu ya kishikio. Fundi wa wakati huo alinakili mpaka hilo kovu! Miaka na miaka tuliuza kovu, hadi akina mama sokoni wakawa wanakataa jagi lisilo nalo: "Hili si lenyewe, boss. Lenyewe liko na kidonda."

Sisi tulicheka. Chelagat hakucheka. Aliangalia watu wakinawishwa kabla ya chakula, akaona mkono wenye sabuni unateleza na maji yanaishia kwa viatu vya mgeni. Basi saa ya chakula akachukua ugali mgumu wa Tabby, mpishi wetu, akauzungusha kwenye kipande cha bomba, akatupitishia mmoja mmoja. "Shika kama unamnawisha mama mkwe wako," alituambia. Tabby akapiga kelele, "Wewe mathe, chakula si udongo!" Tulishika watu sitini na mmoja. Mimi nilirudia, kwa sababu nilipokamata mara ya kwanza bomba lenyewe lilipinda.

Ugali ulipokauka, akapima alama za vidole vyetu zote. Mdomo wa jagi akaubana, maji yakatoka membamba, ya kutosha watu wengi. Na lile kovu hakulitupa. Alilisogeza kidogo tu, likawa mahali pa kidole gumba.

Jagi hilo lilitoka mwaka 1997. Leo liko Kaptembwo, liko Milimani, liko kwa kila harusi na kila matanga hadi Londiani. Mimi nimelikuta kwa hoteli moja Lodwar, nikawaambia watu kwamba kwa hicho kishikio kuna vidole vyangu, nikanyweshwa chai mpaka jioni.

Sasa hasira. Mwezi uliopita ofisi iliweka kabati la vioo pale mapokezi, limeandikwa "Historia ya Vyombo Vyetu". Jagi liko katikati, na chini yake kadi: Mbunifu, Maxwel. Huyu Maxwel ni mtaalamu aliyekuja na laptopu mwaka 2011, akakaa wiki tatu, akabadilisha rangi ya kijani ikawa zambarau. Basi! Hata ugali hakula; alisema unamjaza gesi.

Nilienda kwa meneja, Bwana Muiruri. Akaniambia, "Okeyo, huyo mama ni fundi. Mbunifu ni mtu wa karatasi." Nikamuuliza hiyo karatasi imewahi kunawisha nani. Akasema kadi zimeshachapishwa.

Chelagat alipoambiwa alisema tu, "Wacha, Okeyo. Jagi linajua." Lakini tangu siku hiyo hapiti mapokezi. Miaka thelathini na saba, na sasa anaingia kwa mlango wa nyuma kama gunia la plastiki!

Jumatatu kalibu ya jagi ililetwa kwangu nisugue, kama kila mwaka. Nimesugua. Pia nimechonga herufi nane kwenye kitako, kinyumenyume, ili zitoke sawa. Tangu Jumanne mashine inatoa majagi elfu mbili kwa siku. Kuziondoa herufi hizo ni kusimamisha mashine wiki mbili, na oda za Krismasi zinangoja. Bwana Muiruri, amua. Lynn aliyechapa ratiba hii hana kosa. Nilimwambia imesomwa na kupitishwa, na ni kweli, niliisoma mwenyewe nikaipitisha.

Ijumaa mtanawishwa kabla ya pilau. Mkishajipangusa mikono, geuzeni jagi msome kitako chake.

Na wewe, Chelagat, siku hiyo ingia kwa mlango wa mbele. Asante kwa kutushika vizuri miaka hii yote. Pumzika kwa afya na amani, na popote utakapokaribishwa mezani, unawishwe kwa jagi lako.