Nusu ya Kwanza Ilikuwa ya Babirye

Tunasoma wasifu huu kwa Kiswahili ili sisi wa Jinja na wakwe zetu wa Mbale tusikie kitu kimoja. Nakato, pacha wa marehemu, ameusikia kabla yenu, akasema, "Soma yote. Usinipambe."

Marehemu Mwalimu Babirye Mugweri alizaliwa Budondo, Jinja, tarehe 14 Aprili 1954. Alimtangulia Nakato kwa dakika chache, na Nakato hakuwahi kumsamehe dakika hizo. Desturi yetu ni kwamba pacha hupewa sawa, gauni kwa gauni, yai kwa yai. Ukimpendelea mmoja, umeiitia nyumba balaa.

Baba alipopata kazi kiwandani, familia ilihamia Walukuba. Mama alifua nguo kwa Lataben, mke wa mwenye duka mjini. Mwaka 1965 Lataben alimwona Babirye akisoma gazeti lililofungiwa sukari, akampa kitabu kinene cha Kiingereza cha kale, habari za binti wa nahodha aliyetakiwa na wanaume wawili, hakimu na mwalimu wa muziki. Kitabu kimoja, watoto wawili! Mama akachukua kisu cha nyama, akakipasua katikati. Nusu ya kwanza akampa Babirye, ya pili Nakato.

Lataben alishika kichwa. "Nabirye, umefanya nini?" Ndivyo anavyoitwa kwa heshima mama wa pacha.

"Siku nyingine lete viwili," mama akamjibu, akaendelea kufua.

Kitabu kilikatika, lakini shule haikukatika. Mwaka 1968 nafasi ya sekondari ilikuja moja, ikaenda kwa Babirye. Nakato alibaki na darasa lake la saba, akikaanga mihogo, huku mwenzake akirudi likizo na sketi iliyopigwa pasi na majina ya Wagiriki mdomoni. Wivu ulimkaba. Babirye alipoomba nusu ya pili, aliambiwa, "Wewe una shule. Mimi nina mwisho."

Babirye alihitimu ualimu mwaka 1975, akapangiwa shule ya wasichana Mbale, akafundisha fasihi ya Kiingereza mpaka ugonjwa ulipomtoa darasani. Baada ya vita vya 1979 alikuta askari wamechoma vitabu vyote kuchemshia chai. Wasichana walikalia matofali, naye akawasimulia kwa kichwa wafalme wa Kigiriki, wajane wa Kirusi na mabwana wa Kiingereza. "Msiwaogope," aliwaambia. "Hata wao walikuwa na mashangazi wambeya."

Tarehe 17 Desemba 1977 alifunga ndoa na Bwana Gaster Mugweri, fundi umeme wa hapa Mbale. Aprili 1979, vita vilipoikaribia Jinja, Nakato aliwakimbilia, amejitwika furushi.

"Umekileta?" Babirye akauliza mlangoni.

"Na mimi nimefurahi kukuona. Nimeleta sufuria."

Kumbe nusu yake ilikuwa imefungwa kiunoni, ndani ya leso. Alikaa kwao mpaka mapigano yalipokwisha bila kuufichua mwisho wake. Gaster akambembeleza, "Shemeji, mwambie tu yule binti wa nahodha alimchukua yupi, nyumba itulie."

"Diploma yake imwambie."

Mwaka 1992 marehemu alipatikana na saratani ya titi. Januari mwaka huu alilazwa, Nakato akaja kumuuguza, safari hii nusu ya kitabu iko mkononi. Akaanza kumsomea kwa Kiingereza chake cha kujikwaa.

"Hapo unatamka vibaya," alisema mgonjwa.

"Nyamaza. Hii ni nusu yangu."

Walipofika mwisho, Babirye alicheka mpaka nesi akaja. "Mwalimu wa muziki! Mimi nilimwekea hakimu." Kisha akatoa nusu yake chini ya mto. "Sasa zamu yangu. Wewe hujui hata walivyokutana." Alisoma sura mbili, sauti ikamwishia. Alitutoka Alhamisi, tarehe 3 Machi 1994, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Nakato.

Juzi, wakati wa kutafuta nguo za kumvisha, Gaster alitoa kabatini kitabu hichohicho, kizima. Kilikuja mwaka 1987 na vitabu vya msaada. Kuanzia katikati, kurasa zilikuwa bado zimeshikana, hazijafunuliwa. "Nilimwambia asome tu," Gaster alisema. "Akanijibu, mwisho ni wa Nakato."

Nakato alikaa chini pale pale. Alikishika, akasema kwa hasira, machozi yakimtoka, "Hata kwa hili amenishinda."

Marehemu ameacha mume, watoto watatu wakiongozwa na Santa, mama yetu Nabirye, na pacha wake, ambaye leo anarudi Walukuba na nusu zote mbili na sura nyingi za mwanzo asizozijua. Ameahidi kuzisoma kwa sauti.

Kwetu pacha hasemwi amekufa, husemwa ameruka. Ruka salama, Mwalimu. Upumzike kwa amani, na huko mbele, safari hii, umngojee mwenzako.