Wimbo Uliomketisha Alio

Mimi ndiye Fatumo, nauza kahawa ya tangawizi hapa Garissa, mbele ya duka lililofungwa tangu hali ya hatari itangazwe. Benchi ni langu, makaa ni yangu, lakini maneno ni ya wanaume watatu wasio na kazi. Yupo Yarow, tunamwita Redio kwa sababu anayo. Yupo Olow, tunamwita Sheria. Zama za mkoloni alikuwa tarishi mahakamani. Na yupo mzee Ahmednoor, tunamwita Burma, maana alikwenda vitani huko na moyo wake haujarudi mpaka leo. Jana kwenye baraza la bwana mkubwa wa kambi iliwekwa santuri ya wimbo wa taifa, muziki mtupu bila maneno, na mji mzima tukatulia wima. Alio wetu, aliyekuwa amesimama na mtoto begani, yeye akakaa chini. Askari wakamchukua pale pale. Kesho anasikilizwa, na wakimwona ni mtu wa shifta, wale waasi wa porini, atapandishwa lori. Wa kupanda lori lile tumewaona. Wa kushuka hatujamwona.

— Kwanza tujue wimbo wenyewe ni wa nani, akasema Sheria. Kesi huanza na mwenye mali.

— Ni wa Malkia, akasema Redio. Waliposhusha bendera yao waliacha masanduku mawili. Moja la bendera mpya, moja la wimbo.

— Uliyaona?

— Redioni walisema.

— Redio yako haina betri tangu Ramadhani, nikamwambia.

— Betri sina, masikio ninayo.

— Ndiyo maana wahenga walisema, kuku mgeni hakosi kamba mguuni, akasema Sheria.

— Kuku ameingiaje hapa?

— Wewe mimina kahawa, Fatumo.

Burma akakohoa. Akikohoa hivyo, jua vita vinakuja.

— Nyinyi watoto. Wimbo ule niliusikia Burma. Wajapani waliuimba ng'ambo ya mto, sisi tukaacha kupiga risasi.

— Waria! akasema Redio. Wajapani waimbe wimbo wa Kenya?

— Ndiyo maana walishindwa. Waliimba wetu, wangeshindaje?

— Astaghfirullah, akasema Sheria. Ule ni wimbo wa kunyweshea ngamia, visima vya Wajir. Marehemu baba aliuimba. Mzungu mmoja alipiga kambi kisimani anajifanya anapima maji, kumbe anapima sauti ya baba.

Nikachoka. Mtu yuko ndani, hawa wanagawana ngamia! Nikagonga birika kwa kijiko.

— Nisikilizeni. Mama yake Alio alikuwa nani?

— Mpokomo wa ng'ambo ya mto, akasema Burma. Allah amrehemu.

— Na alimbembeleza Alio kwa wimbo gani? Nimekaa nyumba moja na mwanamke yule msimu wa mafuriko. Sauti ni ile ile ya santuri. Ndiyo akina mama wa Kipokomo wanayolazia watoto. Wakubwa wa Nairobi wameichukua hapa mtoni, wakatia maneno yao.

Redio akaweka kikombe chini.

— Wallahi nilisikia hivyo, akasema. Mtangazaji alisema ni wimbo wa mama wa Kipokomo. Sikutaka kuamini. Kitu kikubwa kama serikali, kitoke kwa mtoto anayelia?

— Na nyumbani kwa mama yule, nikaendelea, wimbo ukianza, aliyesimama anakaa. Hata mgeni. Alisema mtoto hapati usingizi watu wakimsimamia. Alio amelelewa hivyo. Jana mtoto wake alikuwa analia begani, santuri ikaanza.

— Akakaa, akasema Burma taratibu. Nilikuwa nyuma yake. Alimpigapiga mtoto mgongoni mpaka akanyamaza. Hakumdharau mtu.

— Basi hana kosa! Sheria akapiga paja. Asili ya wimbo tunayo, shahidi wa macho tunaye. Kesi hii hata nikiwa usingizini nashinda.

— Bwana mkubwa mwenyewe ataona haya, akasema Redio.

Ndipo akaja Abshiro, mke wa Alio, anatoka kambini kwa miguu, mtoto mgongoni, vumbi mpaka magotini. Nikamsogezea nafasi na kikombe. Kikombe hakukigusa.

— Assalamu alaykum, wazee wangu.

— Wa alaykum salaam, binti. Tumeshamaliza, akasema Sheria. Mumeo hana kosa. Wimbo ni wa mama mkwe wako.

— Najua, adeer, ami yangu. Nimemwambia karani. Amesema maneno ya mke hayatoshi, wala ya mwanamke yeyote. Anataka wazee wawili wa mji, waende kesho asubuhi, waseme mbele ya bwana mkubwa na waandikwe majina.

— Waandikwe majina, akarudia Redio.

— Ndiyo, adeer. Akawatazama mmoja mmoja, kwa adabu. Nani na nani watakwenda nami?

Sheria akaanza kuhesabu senti za kahawa yake. Redio akawa anaitazama barabara, na barabarani hapakuwa na kitu. Mimi nilisubiri, wallahi nilisubiri, nikasema moyoni hata mmoja tu aanze, wa pili ataona aibu. Mtoto alikuwa amelala mgongoni mwa mama yake.

— Fatumo, akasema Burma bila kuinua macho. Niongeze kahawa.

— Imekwisha, nikamwambia.

Birika lilikuwa limejaa.