Sumaku ya Moyo wa Mtoto

Mwaka ule wa sabini na tano, benchi la kahawa la stesheni ya Korogwe lilikuwa na wenyewe. Matayo walimwita Mashine, maana alizeekea kwenye kiwanda cha mkonge. Sadala walimwita Redio, maana alisoma kila kipande cha gazeti kilichofungiwa maandazi. Asubuhi hiyo Isihaka, mbeba mizigo, alikaa pembeni, kahawa ikimpoa mkononi. Hakuwaambia kwamba mkewe, Tatu, kalazwa tangu juzi na mimba ya miezi minane, mtoto hachezi. Alfajiri nesi alimwekea Tatu kipembe cha mbao tumboni, akasikiliza, akahamisha, akasikiliza tena. Kisha akamwambia Isihaka akangoje nje.

— Jamani, moyo wa mtu una sumaku, — Redio alisema, macho kwenye kipande cha gazeti. — Wazungu wameipima.

— Sumaku naijua mimi, — Mashine alidakia. — Ingekuwamo moyoni, visu vingetuganda kifuani!

— Hafifu mno, ndugu yangu. Wanajifungia chumba cha chuma, na chombo chenyewe hakimgusi mtu. Hata mtoto wa tumboni wanampata.

Isihaka aliinua kichwa.

— Kumbe ndiyo maana! — Mashine sasa amepamba moto. — Watu wa Handeni wanahamishiwa vijiji vya ujamaa, wiki ya pili wamerudi mahameni kwao. Wanavutwa!

— Serikali ikikipata chombo hicho, mwenyekiti atapita nacho nyumba kwa nyumba, — Redio aliongeza. — Atajua nani mgonjwa kweli, nani anakwepa shamba la kijiji.

Wakacheka mpaka Mashine akapaliwa.

— Redio, — Isihaka aliuliza taratibu. — Mtoto akiwa kanyamaza tu, hachezi, chombo hicho kinamsikia?

Redio aligeuza kile kipande. Nyuma palikuwa na tangazo la sabuni.

— Pamechanika hapa, — alisema.

Mara akatokea Mwaija, mamake Tatu, akitokea hospitali. Mashine alimwamkia shikamoo, akampita. Alikwenda moja kwa moja mpaka mbele ya mkwewe.

— Baba, mwenzio kajifungua. Wa kiume. Hakulia.

Mashine akavua kofia. Isihaka aliweka kikombe chini.

— Tatu mzima, — Mwaija alisema. — Kampakata mwanawe, manesi hawampati. Anasema hamtoi mpaka umjibu. Mtoto anaitwa nani?

Jina walikuwa wameliacha lingoje siku ya saba. Isihaka akamtazama Mashine, akamtazama Redio. 

— Twende, mama, — alimwambia Mwaija. — Jina nitamtajia Tatu mwenyewe.