Papa Wenceslas na majani ya ziwa aliyoyang'oa

Ndugu, majirani, na ninyi nyote mliopanda mlima huu na matope yake, haya ndiyo maisha ya Papa Wenceslas Mbarushimana, na sisi batoto wake tunayasoma vile alivyoagiza mwenyewe, bila kuficha kitu.

Alizaliwa tarehe 9 Februari 1955 Kadutu, Bukavu, upande wa Kongo, akasoma huko hadi mwaka wa pili wa sekondari, akajifunza uashi, na tarehe 18 Julai 1981 akamuoa Maman Mukarugwiza, wakajaliwa batoto watatu, Aimable, Reine na Umwali. Mwaka 1995 walirudi Rwanda, nchi ya wazazi wao, wakajenga Gihundwe, kando ya Ziwa Kivu, na mama mkwe wake, mama yake Maman, alipofariki mwaka 1999 akazikwa pale pale shambani.

Jumamosi ya tarehe 26 Aprili 2008, siku ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya kijiji, yeye akiwa mkuu wa kijiji, aliamuru kila muntu aje na jembe, tung'oe matete ya ukingoni na majani yaliyoota ndani ya maji, eti ni uchafu na makao ya mbu. Maman alimwambia kwamba majani hayo ndiyo yanayoshika udongo, naye akamcheka mbele ya watu, na sisi, tusijitoe, tulicheka naye.

Mawimbi yakaanza kula ukingo kidogo kidogo, hata mvua za Mei 2012 zikaporomosha kipande cha shamba, kaburi la mama mkwe likaenda nacho. Tangu hapo Maman alimpikia, alimfulia, lakini habari ya kaburi hakuigusa tena, na ukimya ule ulimkondesha Papa. Alijenga ukuta wa mawe, maji yakaufukua kwa chini ukaanguka, ndipo akashika beseni, akazunguka ghuba kuomba mizizi ya majani yale yale, akaifunga kwenye mawe kwa kamba za migomba na kuizamisha mmoja mmoja, miaka yote hiyo, hadi 2019 majani yaliposhika.

Aliugua figo tangu Agosti 2024, akafariki Jumanne, tarehe 11 Machi 2025. Mara tatu alimuuliza Maman kama amemsamehe, Maman akamjibu anywe dawa kwanza.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, waashi wenzake, na majirani mliolala nasi kilioni.

Maman ametuomba tusome na hili, maana yeye sauti imemkatalia. Alimsamehe tangu 2019, siku alipomkuta maji yamemfika kifuani, anapapasa mizizi yake, ila alinyamaza ili naye auonje uchungu kidogo zaidi, akidhani siku bado zipo. Papa Aimable, kama Maman alivyozoea kukuita, ulisamehewa zamani, pumzika kwa amani, na umuwie radhi Maman kwa kuchelewa kukuambia.